Daftari la Kazi za Ndani: Namna ya Kuandika Saa, Mshahara na Makato Yako Tangu Siku ya Kwanza

Maswali ninayoletewa na wanaofanya kazi za ndani ni yaleyale. "Nimefukuzwa bila kulipwa, nifanye nini?" "Bosi anasema alishanilipa, nitathibitishaje?" "Sina mkataba, je, nina haki yoyote?" Nikimuuliza mtu alianza kazi lini, ananijibu, "Mtoto wao alikuwa bado hajaanza kutembea." Nikimuuliza alipokea kiasi gani mwezi wa pili, anainamisha kichwa.

Simcheki mtu. Mimi mwenyewe nilifanya kazi ya kulala hukohuko kwa miaka sita, na siku nilipokaa mbele ya msuluhishi niliulizwa nilikuwa nafanya kazi saa ngapi kwa siku. Nikajibu, "Nyingi." Mama mwenye nyumba akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, chini yake kuna dole gumba langu. Siku nilipobonyeza dole lile niliambiwa ni la kupokea mshahara wa mwezi ule. Juu ya karatasi paliandikwa kwamba nimelipwa kila kitu na sidai chochote. Shauri langu lote lilikwisha kwa muda mfupi kuliko wa kufua mashuka ya nyumba ile.

Mwongozo huu ni wa kukuepusha na hali hiyo. Unahusu daftari tu: nini uandike, lini, wapi ulifiche, na namna ya kulitumia siku ya kudai. Unakufaa wewe unayelala kwa mwajiri, wewe wa kutwa unayerudi kwako jioni, wewe unayefanya nyumba tatu kwa wiki, na wewe kaka wa bustani au wa getini, kwa sababu na wewe kazi yako ni ya nyumbani mwa watu.

Nadharia ni hii moja. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria mwaka 2021 kwamba duniani kuna wafanyakazi wa nyumbani wapatao milioni 75.6, takribani robo tatu yao wanawake, na 8 katika kila 10 ajira yao si rasmi. Kiwandani kuna saa ya ukutani, kitabu cha mahudhurio na wenzako mia walioona ukiingia. Jikoni mwa mtu uko peke yako, na anayekulipa ndiye mwenye nyumba, ndiye mwenye funguo, ndiye mwenye kalamu. Tofauti ya tabaka utaiona kwenye gari na sofa, lakini inayoumiza siku ya hesabu ni hiyo ya nani aliandika na nani alikumbuka kwa kichwa.

Kabla hujaanza

Tafuta vitu hivi:

- Daftari dogo la kuenea mfukoni, lililoshonwa. Usitumie la waya, wala karatasi za kuchanika moja moja, kwa sababu utaambiwa umeongeza kurasa baadaye. Likiwa lina mistari, bora.
- Kalamu ya wino. Penseli hapana.
- Kalenda yoyote, hata ndogo ya mfukoni.
- Mahali pa kuliweka ambapo hakuna mtu anayefua, anayetandika wala anayepanga isipokuwa wewe.
- Mtu mmoja nje ya nyumba ile unayemwamini: dada, rafiki, kiongozi wa dini, mwenzako wa chama. Huyu ndiye atakayetunza nakala.
- Simu, kama unayo. Kama huna, usiahirishe kwa sababu hiyo.

Na kama hujui kuandika vizuri? Endelea kusoma au kusomewa. Nimelishughulikia mwishoni, na utaona si kikwazo kikubwa unavyodhani.

Hatua ya 1: Ukurasa wa kwanza ni wa makubaliano

Uandike siku unayoanza kazi, au leo, kama ulishaanza. Weka jina lako, jina la mwajiri kama unavyolijua (hata kama ni "Baba fulani"), mtaa na namba ya nyumba, tarehe uliyoingia, na nani alikupeleka. Kisha andika mlichokubaliana kwa mdomo: kazi gani, mshahara kiasi gani, unalipwa tarehe ngapi, siku ya ofu ni ipi, unalala wapi, na nani waliokuwepo mkizungumza.

Kama umeletwa na wakala au dalali, andika alichukua kiasi gani, kutoka kwa nani, na kama mwajiri amesema atakikata kwenye mshahara wako. Mkataba Na. 189 wa ILO kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, uliopitishwa Geneva tarehe 16 Juni 2011, unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe ada ya wakala haikatwi kwenye malipo ya mfanyakazi. Kama nchi unayofanyia kazi haijauridhia, bado andika. Sheria ya mahali hapo huenda inasema hivyohivyo.

Hapa pana jambo moja linalofanya kazi vizuri sana kuliko mkataba ambao bosi hataki kuuandika. Siku ya kwanza, mtumie ujumbe wa simu wa heshima: "Shikamoo mama. Nashukuru kwa kunipokea. Nimeelewa nitaanza Jumatatu, mshahara ni 90,000 kila tarehe 30, na Jumapili napumzika. Kama nimekosea naomba unirekebishe." Akijibu "sawa", tayari una maandishi. Asipojibu, ujumbe wako una tarehe. Usiandike kama unamtega. Andika kama mtu anayetaka kuelewana, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Hatua ya 2: Chagua saa moja, uifuate hiyohiyo

Hili linaonekana dogo, lakini limeharibu madaftari mengi niliyoyaona. Sisi tunasema "niliamka saa kumi na moja", na simu inaonyesha 05:00. Mtu anaandika 11 leo kwa kufuata mdomo, kesho anaandika 5 kwa kufuata simu, na baada ya miezi mitatu hata yeye hajui 11 ile ilikuwa alfajiri au karibu na adhuhuri.

Andika kama simu inavyoonyesha kwa mtindo wa saa 24: 05:10, 14:30, 21:50. Kama simu yako ni ya kitochi na haina mtindo huo, au unatumia saa ya ukutani, andika kwa kusema lakini usiache neno la wakati: "saa 11 na dakika 10 alfajiri". Chagua njia moja, iandike kwenye jalada la ndani, usibadilishe.

Hatua ya 3: Andika siku yako kila usiku kabla ya kulala

Dakika tatu zinatosha. Huhitaji kueleza, andika saa ya kuanza, saa ya kuacha, na neno moja au mawili ya kazi. Huu ni mfano wa ukurasa wa siku moja ya mtu anayelala kwa mwajiri:

Jumanne, tarehe 4
05:10–09:30 watoto wa shule, vyombo, kudeki
09:30–10:00 nimekaa
10:00–13:40 kufua, kupika
13:40–14:30 nimekula, nimekaa
14:30–18:00 mtoto mdogo, kupiga pasi
18:00–20:50 kupika, kuogesha, vyombo
23:40–00:25 mtoto kaamka, nimembeleza
Jumla: saa 15 na dakika 5

Mistari ya "nimekaa" usiiache. Watu huona aibu kuandika mapumziko, wakidhani yanapunguza nguvu ya madai. Ni kinyume chake. Daftari linaloonyesha ulikaa nusu saa Jumanne ndilo linaloaminika linaposema Alhamisi hukukaa kabisa. Daftari lisilo na pumziko hata moja kwa mwaka mzima linanuka uongo, hata kama ni la kweli.

Na usizungushe. 05:10 isiwe 05:00, na 20:50 isiwe 21:00. Kila kitu kikiishia kwenye sifuri mbili, msomaji atajua ulikaa siku moja ukajaza mwezi mzima.

Kazi iliyovuka saa sita usiku iandike chini ya siku ilipoanza, kama nilivyofanya hapo juu. Ukigawa nusu huku nusu kule utahesabu mara mbili.

Hatua ya 4: Saa za kusubiri

Hapa ndipo wengi wanapopoteza, maana hata wao hawaihesabu kuwa ni kazi. Mtoto analala chumbani kwako. Bibi mgonjwa ana kengele. Bosi yuko safarini, atafika usiku wa manane na lazima umfungulie geti. Hufanyi kitu kwa mikono, lakini huwezi kutoka, huwezi kulala fofofo, huwezi kuzima simu. Mkataba ule wa 189, ibara ya 10, unasema muda ambao mfanyakazi hayuko huru kuutumia apendavyo, akibaki tayari kuitwa, uhesabiwe kuwa saa za kazi kwa kadiri sheria ya nchi au makubaliano yatakavyopanga.

Kwa hiyo zitenge. Ziandike pembeni kwa herufi K ya kusubiri: "21:00–05:00 K, mtoto chumbani kwangu, kaamka mara 2". Usizijumlishe na saa za mikono. Siku ya kudai atakayezipima ni afisa au hakimu. Kazi yako ni kumwonyesha zilikuwepo. Ukizichanganya, mwajiri atasema unadai kulipwa kwa kukoroma, na watu watacheka, na baada ya kicheko hutasikika tena.

Hatua ya 5: Siku ya ofu

Mkataba huohuo unaweka pumziko la saa 24 mfululizo, angalau mara moja kwa wiki. Neno la kulishika ni mfululizo. Ofu inayoanza saa nne asubuhi baada ya kuosha vyombo vya usiku na kuisha saa kumi na mbili jioni ili uwahi kupika, hiyo ni ruhusa ya kutembea.

Andika saa uliyotoka getini na saa uliyorudi. Kama ulizuiwa, andika nani alikuzuia na kwa sababu gani: "Jumapili tarehe 9, sikutoka, wageni." Nusu mstari tu.

Hatua ya 6: Mshahara kwa safu tatu

Geuza daftari, anzia nyuma. Chora safu tatu: nilichoahidiwa, nilichopokea, kilichobaki. Kila malipo yaandike siku hiyohiyo, pamoja na njia: mkononi, kwa simu, au alitumiwa mtu mwingine. Kama pesa inatumwa moja kwa moja kwa mama yako kijijini, mpigie siku hiyo, akuambie imefika kiasi gani. Nimeona tofauti kubwa kati ya "nimemtumia mama yako" na kilichofika kwa mama.

Sasa tuzungumze kuhusu "niwekee". Unamwambia bosi akuwekee mshahara kwa sababu huna akaunti, au yeye mwenyewe anapendekeza ili usitumie ovyo. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa. Lakini baada ya mwaka mmoja akiba yako imekuwa deni lake, na mdaiwa amekuwa mtu unayemwoshea vyombo. Mkikorofishana unaogopa kuondoka kwa sababu pesa ziko kwake, na akikufukuza huna hata nauli. Ukiweza, usiweke. Fungua akaunti, weka kwenye simu, weka kwenye kikundi. Kama huna njia nyingine, basi kila mwezi andika: "Tarehe 30, mshahara 90,000, nimepewa 20,000, 70,000 ziko kwa mama mwenye nyumba, jumla zilizoko kwake 350,000." Kisha mtumie ujumbe wenye hesabu hiyohiyo: "Mama, kwa hesabu yangu ulizoniwekea zimefika 350,000, Mungu akubariki." Shukrani ile ni risiti.

Tahadhari: usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hujaisoma au hujasomewa na mtu wako. Wakikuharakisha, sema macho yanakuuma, utasaini kesho. Ukilazimika kusaini, andika kiasi ulichopokea kwa mkono wako pembeni ya jina, pamoja na tarehe, na upige picha karatasi ile. Usisaini kamwe karatasi yenye nafasi tupu.

Hatua ya 7: Makato, mikopo na zawadi

Hivi vitatu vitenganishe, kwa sababu mwajiri atavichanganya.

Makato ni pesa iliyokatwa bila wewe kuomba: sahani imevunjika, shati limeungua kwa pasi, sare ya kazi, dawa ya kudekia. Andika kitu, kiasi, na kama ulikubali. Pendekezo Na. 201, linaloambatana na ule Mkataba, linasema sare, vifaa na vya kujikinga vinavyotumika kazini visihesabiwe kuwa sehemu ya malipo, wala gharama yake isikatwe kwa mfanyakazi. Sare ile ya rangi ya waridi inayokutambulisha kwa wageni kwamba wewe si wa familia, ni ya nyumba, basi nyumba iilipie.

Mkopo ni ulichoomba mwenyewe. Uandike kwa uaminifu, hata kama bosi amesahau. Anaweza kuukumbuka siku mbaya.

Zawadi ni nguo alizochoka nazo, viatu, nauli ya sikukuu. Pokea, shukuru, andika "zawadi". Siku ya kugombana utaambiwa, "Nilikuwa nakuvalisha." Magauni yale hayakuwa kwenye makubaliano ya ukurasa wa kwanza, na ndiyo maana ukurasa wa kwanza upo.

Hatua ya 8: Matukio

Umeungua na mafuta, umeanguka kwenye ngazi, umepigwa, umenyimwa kwenda hospitali, umeguswa usivyotaka. Andika tarehe, saa, mahali ndani ya nyumba, nani alikuwepo, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa. Usiongeze maoni. "Alinisukuma, nikagonga kabati, mkono wa kulia umevimba" inatosha. "Ni mtu katili asiye na utu" haisaidii kitu. Ukitibiwa, tunza karatasi ya hospitali.

Tahadhari kubwa: kama unapigwa, unafungiwa ndani au unabakwa, daftari si kazi yako ya kwanza. Kazi ya kwanza ni kutoka na kufika kwa watu, polisi au hospitali. Kwa aliyebakwa, awahi hospitali kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo alizovaa. Kuandika kutakuja baadaye, ukiwa salama.

Hatua ya 9: Nakala nje ya nyumba

Kila ofu, piga picha kurasa za wiki na umtumie mtu wako, kisha futa kwenye simu kama simu yako hukaguliwa. Huna simu? Nenda na daftari, anakili au atoe fotokopi. Mpe pia nakala ya kitambulisho na pasipoti yako. Pasipoti na kitambulisho chako kukaa kwenye kabati la mwajiri si jambo la kawaida hata kama kila jirani anafanya hivyo: Mkataba wa 189, ibara ya 9, unasema mfanyakazi ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Zikichukuliwa, andika tarehe na nani alizichukua.

Hatua ya 10: Funga mwezi

Siku ya mwisho ya mwezi kaa robo saa. Jumlisha saa, hesabu siku za ofu ulizopata kweli, andika kilichobaki cha mshahara. Halafu fanya hesabu moja ya ziada, hata kama hutaipeleka popote: gawa mshahara kwa saa.

Tuseme unalipwa 90,000. Ukifanya saa 8 kwa siku 26, hizo ni saa 208, na kila saa yako inanunuliwa kwa karibu 433. Ukifanya saa 15 kwa siku zote 30, ni saa 450, na kila saa inanunuliwa kwa 200. Mshahara ni uleule, bosi hajapunguza hata senti, lakini bei ya saa yako imeshuka kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana waajiri wengi hupenda kuzungumza kwa mwezi. Na ndiyo maana jirani anayelipa kidogo lakini anakuruhusu kuondoka saa tisa alasiri anaweza kuwa analipa vizuri kuliko tajiri mwenye geti la umeme. Fanya hesabu hii kabla ya kuhama kazi.

Siku ya kudai

Usiende na daftari zima ukalibwaga mezani. Andaa ukurasa mmoja wa juu: nilianza lini, niliacha lini, niliahidiwa nini, nilipokea nini, nadai nini. Kwa mfano: miezi 14 kwa 90,000 ni 1,260,000. Miezi 5 nililipwa kamili, 450,000. Miezi 6 nililipwa nusu, 270,000. Miezi 3 sikulipwa. Nilikopa 60,000. Jumla niliyopokea 780,000, nadai 480,000. Mkopo umeuweka mwenyewe kabla hajausema; hapo umemnyang'anya fimbo.

Anza kwa mwajiri mwenyewe kama hali inaruhusu, ukiwa na mtu wa pili. Ikishindikana, nenda ofisi ya kazi, chama cha wafanyakazi wa nyumbani, au msaada wa sheria ulio karibu. Wape nakala, daftari lenyewe liwe mkononi mwako. Daftari halisi likiombwa, dai hati ya kupokelewa.

Mambo yakikwama

*Sijui kuandika.* Tumia kalenda na alama. Mstari kwa kila saa, duara kwa siku ya ofu, msalaba kwa siku ya kulipwa, na tarakimu ya pesa, ambayo karibu kila mtu anaijua. Mama mmoja niliyemsaidia alikuwa na kalenda ya ukutani aliyoipewa bure, kila siku ameitoboa kwa sindano idadi ya saa, unaona nukta ukiinua kwenye mwanga. Bosi aliipita kila siku bila kujua. Pia unaweza kumtumia mtu wako ujumbe wa sauti kila usiku. Simu inauwekea tarehe yenyewe.

*Bosi amelikuta.* Usigombane. Sema ni la hesabu zako, ambacho ni kweli, na ndiyo maana nilisema usiandike matusi. Akilichukua, una nakala nje. Anza jipya usiku huohuo, ukurasa wa kwanza uandike kwamba la zamani limechukuliwa tarehe fulani na nani.

*Nimesahau wiki mbili.* Ziache tupu, andika "sikuandika", endelea. Usijaze kwa kubuni. Pengo halikuangushi, siku moja ya uongo ikigundulika, zote zimekufa.

*Je, nimrekodi kwa siri?* Sheria za nchi hutofautiana, na kwingine utageuka wewe mshtakiwa. Uliza kwanza. Picha za watoto wao, vyumba vyao na karatasi zao usipige. Wala usichukue kitu chochote cha nyumba kwa kusema ni fidia, hata kijiko. Shauri la mshahara litageuzwa kuwa la wizi mchana kweupe.

*Daftari niliandika mwenyewe, nani ataliamini?* Swali zuri. Kwingi mwajiri ndiye anayetakiwa kutunza kumbukumbu, na asipofanya hivyo, uzembe wake haupaswi kumwangukia mfanyakazi. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1946 katika shauri la wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo. Karibuni zaidi, tarehe 19 Desemba 2024, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la mfanyakazi wa nyumbani huko Hispania aliyeshindwa kuthibitisha saa zake za ziada kwa sababu sheria ilieleweka kuwa imezisamehe kaya kuweka kumbukumbu. Mahakama ikasema kaya nazo hazisamehewi, lazima pawe na utaratibu wa kupima saa. Hukumu hizo hazifungi nchi zilizo nje ya Marekani na Umoja wa Ulaya, lakini mwanasheria wako anaweza kuzitaja. Na kama bosi hana daftari na wewe unalo, mezani kuna kumbukumbu moja tu, nayo ni yako.

*Nimeshaacha kazi na sikuandika chochote.* Anza leo. Juu ya ukurasa andika, "Nimeandika kwa kukumbuka", na tarehe ya leo, usijifanye ni ya zamani. Tafuta vigingi vya tarehe: ujumbe wa pesa kwenye simu, kadi ya kliniki uliyompeleka mtoto, siku shule zilipofunguliwa, tiketi ya basi ulilokuja nalo, msiba wa nyumbani uliokatazwa kwenda. Kati ya kigingi na kigingi jaza unachokumbuka, na penye shaka andika "kama". Ila kuna jambo haliwezi kungoja: sehemu nyingi zina ukomo wa muda wa kufungua madai, na kwingine ni wiki chache tu tangu siku ya kufukuzwa. Usikae nyumbani ukilisafisha daftari mpaka lipendeze. Nenda kaulize ukomo ni lini kesho asubuhi, na kurasa ulizonazo, hata zikiwa mbili.